Kutoka Kilosa hadi Mikumi kwa Kupitia Ulaya

Upo msemo uliozagaa miongoni mwa baadhi ya watumishi wa umma na walimu, nao husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, kwamba vijana wanaocheza gemu kwa intaneti wamepotea. Husemwa katika vikao vya wazazi, husemwa katika ofisi za kata, husemwa hata na mkuu wa idara ambaye asubuhi nzima amekuwa akipanga karata katika kompyuta ya Serikali. Vijana hao, twaambiwa, ni wavivu, ni wahuni, nao wametekwa na mambo ya kigeni. Dawa yao ni moja tu: wanyang'anywe simu.

Makala haya yanaupinga msemo huo. Lakini asidhani mtu kwamba yanakuja kuwatetea matajiri wa biashara ya gemu. La hasha! Wenye msemo huo wamemkamata asiye mwizi, na huku mwizi mwenyewe anatoka kwa mlango wa mbele akiwa na mzigo kichwani.

Tulitazame kwanza jambo lenyewe lilivyo, maana wengi wanaolilaani hawajapata kuliona kwa macho. Chukua vijana wanne waliomaliza kidato cha nne pamoja mjini Kilosa. Mmoja amebaki hapo hapo akimsaidia mama yake dukani. Wa pili yuko Kimamba. Wa tatu anajifunza ufundi katika chuo cha VETA Mikumi. Wa nne amepata kibarua katika miwa ya upande wa Ruhembe. Zamani vijana wa namna hiyo waliagana stendi, wakaahidiana barua, na urafiki ukafa taratibu kama taa iliyoishiwa mafuta. Leo wanapatana kukutana saa 2 usiku ndani ya gemu moja. Tena si lazima iwe gemu ya kushindana, mmoja akimpiga mwenzake bao au risasi. Zipo gemu za kushirikiana, ambamo wachezaji wote wako upande mmoja: wanafyeka pori, wanachimba madini, wanajenga mji, wanalinda ghala lao usiku. Mmoja akizembea, wote wanaumia.

Kukutana huko si suala la kubonyeza kitufe kimoja. Sharti wapatane saa, tena saa inayomfaa aliye kazini na aliye darasani. Sharti wote wawe na toleo moja la gemu, kwa maana mwenye toleo la zamani hufungiwa mlango. Basi mwenye bando nono hupakua kwa niaba ya wenzake, kisha huwagawia watakapoonana. Hapa wakubwa wengi hukosea: kucheza kwenyewe hakuli data nyingi, kwa sababu kinachosafiri ni taarifa fupi fupi za nani amesogea wapi, kinacholimaliza bando ni kuipakua gemu na masahihisho yake yasiyokwisha. Sharti, tena, mmoja wao awe mwenyeji, afungue chumba, awape wenzake namba ya kuingilia. Sharti wagawane kazi. Umeme ukikatika Kimamba, watatu waliobaki huamua kama wataendelea au watamngoja mwenzao, na mara nyingi humngoja. Nawauliza ndugu zangu maofisa: ni vikao vyetu vingapi vinavyoanza saa iliyopangwa, wajumbe wote wakiwa wamesoma kabrasha moja na kila mtu akijua sehemu yake ya kazi?

Wazee wa Kikaguru, wa Kisagara na wa Kividunda waliitana shambani kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, na baada ya jembe palikuwa na pombe na ngoma. Sisemi kwamba gemu ni jembe. Nasema kwamba tabia ile ya kuitana, kugawana kazi na kumngoja aliyechelewa, ambayo tuliihubiri kwa miaka mingi vijijini kwa vipaza sauti na malori, vijana wameizalisha wenyewe bila posho ya semina. Mwalimu anayeiona tabia hiyo na kuiita uhuni ajiulize anatafuta nini darasani.

Sasa tumfuate mwizi.

Atokaye Kilosa kwenda Mikumi kwa barabara ya ndani hupita mahali paitwapo Ulaya. Ni kata ya Kilosa, wala haina theluji. Safari yote haifiki kilomita 100. Lakini neno la kijana wa Kilosa linapomwendea rafiki yake wa Mikumi ndani ya gemu, lenyewe mara nyingi hupita Ulaya ile nyingine! Gemu nyingi wanazozicheza vijana wetu huendeshwa na kompyuta kubwa, ziitwazo seva, na seva hizo zimewekwa Ulaya, au Asia, au katika nchi za Ghuba. Penye nafuu ni Afrika Kusini, ambako Microsoft ilifungua vituo vyake mwaka 2019 na Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020. Afrika Mashariki tunahesabiwa kama wateja, si kama mahali.

Tufanye hesabu, maana wasomaji wa ukurasa huu ni walimu. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, hata kama waya ungenyooshwa kama rula, ni karibu kilomita 7,000. Kwenda na kurudi ni 14,000. Hiyo ni sehemu 7 katika 100 za sekunde, kabla hujaongeza mizunguko ya nyaya baharini na foleni za mitambo, ambazo huongeza maradufu na zaidi. Kama neno hilo hilo lingeishia Dar es Salaam na kugeuka, safari nzima ingekuwa kama kilomita 600, yaani sehemu 3 katika 1,000 za sekunde. Mtu wa barua pepe hataona tofauti. Mchezaji anayeruka mto ataiona: atabonyeza kitufe akiwa ukingoni, na seva itamjibu akiwa amekwisha kuzama. Vijana husema gemu inakwama. Kumbe haikukwama, imekwenda Ujerumani.

Itaulizwa: kwa nini basi vijana hao wawili wasiongee moja kwa moja, simu kwa simu? Jibu lake ni la kusikitisha, na ni watu wachache walio nje ya fani waliopata kuelezwa. Kila kinachoongea katika intaneti huhitaji anwani. Mfumo wa anwani ulioandikwa mwaka 1981 una nafasi kama bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia ilimalizwa kugawanywa Februari 2011. Nchi zilizotangulia zilichukua mafungu makubwa. Sisi tulifika chakula kikiwa kimebaki ukoko. Kwa hiyo kampuni za simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama vile shule nzima inavyotumia sanduku moja la posta. Barua ya kwenda nje itaondoka vizuri. Lakini mgeni anayekuja kubisha hodi hajui mlango wa mwalimu yupi. Kijana wa Kilosa hawezi kubisha mlango wa kijana wa Mikumi, wala wa Mikumi hawezi kubisha wa Kilosa. Wote wawili hulazimika kwenda kwa mtu wa tatu mwenye anwani yake, nao wakutane uani kwake kwa masharti yake. Na huyo mtu wa tatu ndiye mwenye seva ughaibuni. Mfumo mpya wa anwani, IPv6, wenye nafasi ambazo hatutazimaliza, upo tangu miaka ya 1990. Kuueneza hadi simu ya mwisho ni uamuzi wa wenye mitambo na wa wanaowasimamia.

Kilosa si mgeni wa mambo haya. Wilaya hii iliijua biashara ya nyuzi kabla ya nyuzi za kioo kuwazwa. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Reli ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikamalizikia Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya Kimamba na Rudewa yakajaa manamba waliotoka mbali. Katani ilikatwa hapa, ikasafiri kwenda pwani, ikavuka bahari, ikasokotwa huko, na kamba ikarudi kuuzwa kwa bei ya aliyeisokota. Marehemu Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972 jinsi njia za namna hiyo zinavyomdumaza anayetoa na kumnenepesha anayepokea. Azimio la Arusha la 1967 lilituwezesha kuyashika mashamba. Lakini bei ilibaki mikononi mwa wengine, na nyuzi za plastiki zilipokuja, mkonge wetu ukaanguka. Sasa tazama: maneno ya vijana wetu wawili yanakatwa Kilosa, yanasafirishwa pwani, yanavushwa bahari, yanasokotwa Frankfurt, na yanarudi Mikumi yakiwa ni bidhaa. Mjukuu wa manamba anacheza kwenye reli ile ile.

Na bidhaa hiyo ina bei. Minecraft, gemu ya kujenga kwa matofali, ilibuniwa na Msweden na kampuni yake ndogo ya Mojang. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua kampuni hiyo kwa dola za Kimarekani bilioni 2.5. Free Fire, ya kampuni ya Garena ya Singapore, iliyotoka mwaka 2017, haiuzwi kabisa. Hutolewa bure, kwa sababu ni nyepesi na inakubali simu ya bei ndogo. Ujanja uko ndani: mchezaji hushawishiwa kununua nguo, silaha na mapambo ya picha kwa sarafu iitwayo almasi, na almasi hiyo hununuliwa kwa fedha halisi. Nchi yenye Mwadui, ambako almasi za kweli zimechimbwa tangu 1940, watoto wake wananunua almasi za mwanga wa kioo kutoka Singapore! Kama wapo wanaotafuta unyonyaji katika gemu, wautafute hapo. Kijana anayemngoja mwenzake wa Kimamba kuwashiwa umeme si mnyonyaji wala kibaraka.

Lakini wapenda marufuku hawachoki. Kwao marufuku ni kazi nyepesi: hati moja, muhuri mmoja, nakala kwa wahusika. Nawakumbusha kwamba tumekwisha kuipima dawa hiyo. Mwaka 1974 nchi yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Sababu zilikuwa na uzito wakati ule: fedha za kigeni zilikuwa haba, na jaribio la kutumia kompyuta katika hesabu za Serikali lilikuwa limekwenda kombo na kuleta hasara. Sitawacheka waliolitoa agizo lile. Hata hivyo lilituachia nini? Lilipolegezwa miaka ya baadaye, wenzetu walikuwa wamekwisha kulea kizazi cha mafundi waliochezea mashine hizo wakiwa watoto. Nasema waliochezea, na sikosei neno. Wengi wa wahandisi wanaoiendesha dunia ya leo waliingia kwa mlango wa mchezo: walitaka gemu iende mbio zaidi, wakafungua kompyuta kuona ndani mna nini.

Yako malalamiko ya walimu ambayo ni ya haki, nami sitayapita kando. Mwanafunzi anayekesha hadi saa 8 usiku hawezi kufuata somo la asubuhi. Vibanda vya gemu vya mitaani, penye PlayStation na mpira wa picha, vingine vimegeuka vijiwe vya kamari. Zipo gemu ambazo mtoto hakutani ndani yake na rafiki zake, bali na watu wazima asiowajua, na hao husema naye watakavyo. Hayo yote ni kweli. Lakini mwalimu mwenye akili aangalie yanatokea wapi: yanatokea pale ambapo mchezo umeachwa kwa mfanyabiashara peke yake. Mtoto anakesha kwa sababu bando la usiku ni la bei nafuu, na bei hiyo hakuipanga yeye. Anakutana na asiowajua kwa sababu seva ya mgeni humkutanisha na yeyote. Chumba kilichofunguliwa na rafiki kwa ajili ya marafiki wanne, chenye namba ya kuingilia, hakina wageni.

Lipo linalowezekana sasa hivi, bila mkopo wa Benki ya Dunia. Duniani kuna gemu za programu huria, yaani zile ambazo wenyewe wameruhusu kila mtu azitumie, azinakili, azifungue na kuzirekebisha. Mojawapo ni Luanti, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola wa Finland kwa jina la Minetest, ikabadilishwa jina Oktoba 2024. Ni ya matofali na ujenzi, kama ile ya Microsoft, ila haina almasi wala haiulizi kadi ya benki. Inakubali kompyuta kuukuu na simu za kawaida. Yeyote aweza kuifasiri kwa Kiswahili na kuitungia vitu vipya: kijana akitaka stesheni ya Kilosa, au twiga wa Mbuga ya Mikumi, ataandika mwenyewe programu yake. Na kubwa kuliko yote, kompyuta moja yaweza kuwa seva. Ukiiweka katika chumba cha kompyuta na kuiunganisha kwa ruta ya kawaida, wanafunzi 20 watacheza pamoja bila senti ya bando, kwa sababu neno lao halitoki nje ya ukuta. Hata waya wa bahari ukikatika wataendelea.

Nao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Ofisi zilisimama, wafanyabiashara walilia. Nayo hasara hiyo haikuwapata tu waliotaka kusoma habari za London. Iliwapata pia watu wa mtaa mmoja waliotaka kuandikiana wao kwa wao, kwa kuwa mazungumzo yao yalikuwa yakipitia ng'ambo. Tunao Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na kusimamiwa na TTCL, unaovuka hadi Zambia, Malawi, Rwanda na Burundi. Tunacho Dar es Salaam, tangu 2004, kituo ambapo kampuni za intaneti hubadilishana mizigo yao hapa hapa nyumbani. Barabara tumejenga, tena kwa fedha nyingi. Ghala za kutosha hatukujenga. Mkongo usiokuwa na seva za nyumbani ni reli nyingine ya mkonge: inafika bandarini haraka zaidi, basi.

Kwa hiyo madai ya makala haya yanawaelekea watu watatu. Kwa kampuni za simu na msimamizi wao: anwani za mfumo mpya zimfikie mteja wa Kidodi na Ulaya ya Kilosa kama zinavyomfikia wa Masaki, na kampuni za gemu zinazochuma fedha zetu zitakiwe kuweka seva nchini, kama vile kampuni ya vinywaji inavyotakiwa kuwa na bohari. Kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao sheria yake ni ya 2006 na ambao umepeleka kompyuta katika shule za Serikali: wapime kazi ya kompyuta hizo kwa saa zinazotumika, wala wasiishie kuhesabu ngapi zimekabidhiwa mbele ya wapiga picha. Na kwa walimu, ambao ndio wenye funguo. Chumba cha kompyuta kinachofungwa kwa kufuli saa 9 alasiri hadi vumbi lishuke juu ya mashine hakimlindi mwanafunzi na uhuni. Kinampeleka kibandani.

Kifunguliwe Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 7. Shule moja ya Kilosa na chuo cha Mikumi wapatane. Kila upande uwe na seva yake, na mara moja kwa mwezi ziunganishwe mbili hizo, vijana wa reli na vijana wa barabara kuu wajenge mji mmoja. Matatizo yatakayotokea, anwani kukataa, waya kulegea, toleo kutofautiana, ndiyo yawe somo la TEHAMA la wiki hiyo. Mwanafunzi aliyelazimika kutafuta kwa nini rafiki yake wa Mikumi haonekani atajifunza mambo ya mitandao ambayo mwenzake aliyekariri majina ya sehemu za kompyuta hatayajua hata akipata daraja la kwanza.

Na kabla ya yote hayo, ipo kazi ndogo ambayo haihitaji kibali cha mtu. Karibu kila kompyuta ina amri fupi ya kufuatilia njia ya ujumbe, nayo huorodhesha vituo unavyopita mmoja baada ya mwingine hadi mwisho wa safari. Mwalimu na wanafunzi wake waichukue gemu inayopendwa zaidi shuleni pao, waipime kwa laini ya kila kampuni inayofika Kilosa, waandike ujumbe umepita nchi ngapi na umechukua muda gani, kisha waibandike karatasi hiyo katika ubao wa matangazo wa Halmashauri ya Wilaya, jina la kampuni upande wa kushoto na vituo vyake upande wa kulia.